Je, Samaki Mkavu Hukunjika?

Miongoni mwa methali ambazo mwalimu wa Kiswahili huzifundisha kila mwaka bila kuzitilia shaka ni ile isemayo, "Samaki mkunje angali mbichi." Tumezoea kuieleza kwa maneno machache: mtoto afundishwe mapema, kwani akishakomaa hafundishiki. Wanafunzi huyaandika maelezo hayo, hupata alama zao, na mambo huishia hapo. Walakini methali hii ina upande wa pili ambao aghalabu hatuusemi darasani. Ikiwa samaki mkavu akikunjwa huvunjika, tumwambie nini mtu wa miaka arobaini atakaye kujifunza jambo ambalo hakulipata utotoni? Tumwambie aache? Au tumwambie ajaribu, nasi tugeuze nyuso zetu pembeni ili tusimwone akivunjika?

Swali hili lina sehemu mbili, na yafaa tuzitenge. Sehemu ya kwanza ni ya uwezo: je, mtu mzima aweza kujifunza? Hiyo ni rahisi kuijibu, kwa kuwa mifano imejaa. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na akina mama na akina baba wengi walishika kalamu kwa mara ya kwanza mikono yao ikiwa imekwisha komazwa na jembe. Uganda nayo, tangu mwaka 1992, imekuwa na mpango wake wa kisomo cha watu wazima. Sehemu ya pili ni ya maadili, nayo ndiyo ngumu: je, yampasa? Mtu aliyekwisha kupata heshima yake, mwenye watoto na labda wajukuu, anayenyamaziwa anapozungumza barazani, yamfaa kujiweka mahali ambapo ataanguka mbele ya watu na kuchekwa na watoto wadogo? Wahenga walisema, "Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama." Kujifunza upya ni namna ya kuvuliwa nguo, na wengi wetu twaona afadhali tusitoke nyumbani kuliko kuchutama njiani.

Ili tulichunguze jambo hili, nimechagua mfano ulio mbali sana na sisi tunaoishi Arua na Koboko: mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, hapa kwetu Nile Magharibi, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,200 hivi juu ya bahari na jua halina huruma mwezi wa Januari, hapana aliyelelewa na mchezo huo. Hakuna Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, Mmadi wala Mwaluri awezaye kumtambia jirani yake kwamba yeye aliuanza mapema. Twaweza basi kuutazama bila wivu na bila kujitetea. Pili, mchezo huu haumruhusu mtu kuficha ujinga wake. Anayesoma kitabu asichokielewa aweza kutikisa kichwa kana kwamba ameelewa, na anayeimba asichokijua aweza kupunguza sauti. Aliye juu ya theluji, akikosea, huanguka, na kila aliyepo humwona.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu hufunga chini ya kila mguu ubao mrefu, mwembamba, uliopindwa juu kwa mbele, akashika fimbo mkono huu na fimbo mkono huu, kisha huteleza. Mbao hizo huitwa skii, neno la watu wa kaskazini mwa Ulaya ambalo asili yake ni kipande cha mti kilichopasuliwa. Ziko namna mbili kubwa za kuteleza. Ya kwanza ni ya masafa marefu, ambayo mteleza hupita mabonde na vilima kwa nguvu za mikono na miguu yake mwenyewe. Ya pili ni ya kuteremka mlima, ambayo mteleza hupandishwa kileleni kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, kisha hushuka kwa uzito wake. Kwa watu wa Norway na jirani zao, skii haikuanza kama mchezo. Ilikuwa njia ya kwenda kuwinda, kuchanja kuni na kumtembelea jirani katika miezi ambayo ardhi yote imefunikwa. Ndiyo maana Wanorwei husema juu ya nafsi zao kwamba wao huzaliwa wakiwa wamekwisha vaa skii miguuni.

Bara letu si geni kabisa kwa theluji. Wakonzo wa milima ya Rwenzori wana jina lao la theluji, nzururu, na hawakulikopa kwa mtu, ingawa barafu ya milima hiyo imepungua sana tangu wapandaji wa Kitaliana walipoufikia ncha ya Margherita mwaka 1906. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakachukua skii zao na kuteremkia huko Kilimanjaro. Siku hizi iko milima ya Lesotho ambako watu huteleza kati ya Juni na Agosti, na iko Oukaïmeden katika milima ya Atlas nchini Morocco. Hata Dubai, mahali ambapo Waafrika Mashariki wengi wamekwenda kutafuta riziki, pamefunguliwa tangu mwaka 2005 jumba lenye mteremko wa theluji ndani yake, huku nje mchanga unachoma nyayo.

Lakini mahali mchezo huu ulipokuwa desturi ya likizo ni katika milima ya Alps. Mtu mmoja aitwaye Hannes Schneider alianza kuwafundisha wageni katika kijiji cha St. Anton nchini Austria mwaka 1907, akaupanga ufundishaji wake kwa hatua, hatua nyepesi ikitangulia nzito, kama mwalimu mwema apangavyo somo. Tangu hapo vijiji vingi vya Austria, Uswisi, Ufaransa na Italia vimekuwa na shule za skii, na kila majira ya baridi watu wazima huenda huko kutumia siku zao za mapumziko. Wengi wao ni watu wenye vyeo makwao: wako mahakimu, madaktari na wenye maduka. Na wengi hawajapata kukanyaga ubao hata mara moja.

Sisi walimu yatupasa kuutazama mpango wa shule hizo kwa makini. Jambo la kwanza ni kwamba wanafunzi hupangwa kwa kadiri ya ujuzi wao. Cheo hakiulizwi, wala umri wa watu wazima hauulizwi. Hakimu asiyejua hukaa kundi moja na karani asiyejua. Jambo la pili ni kwamba miteremko imepakwa alama za rangi, ili kila mtu ajue mapema ugumu wa njia aliyo mbele yake. Buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya mabingwa, na katika baadhi ya nchi ipo pia ya kijani kwa wanaoanza kabisa. Hapana anayepelekwa kwenye nyeusi siku ya kwanza ili apimwe ushujaa wake. Jambo la tatu, ambalo laweza kumshangaza msomaji, ni kwamba katika masomo ya mwanzo kabisa mwanafunzi hufundishwa kuanguka. Huonyeshwa namna ya kuangukia ubavuni, kisha namna ya kuinuka: azilaze mbao zake zikiukata mteremko, ajikusanye, asimame. Kuanguka kumetiwa ndani ya somo. Basi aangukaye hajatoka nje ya somo, bali yu ndani yake.

Baada ya hapo hufundishwa kujizuia. Huzikutanisha ncha za mbele za mbao na kuziachanisha za nyuma, zikafanya umbo la herufi V iliyopinduliwa, na mwendo hupungua. Ndipo ufikapo mtihani wa mtu mzima. Mteremko uko mbele, mwili unaona shimo, na akili inayojua gharama ya mfupa uliovunjika yampigia kelele: rudi nyuma! Naye huegemea nyuma. Kumbe kuegemea nyuma ndiko kunakomwangusha. Uzito ukienda visiginoni, ncha za mbao huwa nyepesi, hazishiki theluji tena, nazo hazimtii. Mwalimu humwambia ainame mbele, auelekeze mwili wake kule kule anakokuogopa, kwa kuwa ni kwa kuinama hivyo tu ndipo atakapoweza kuzitawala mbao zake. Mtoto hufanya hivyo upesi, kwani hajajifunza bado kuogopa. Mtu mzima hana budi kuogopa na kuinama kwa wakati mmoja.

Nadhani hapa tumeufikia mzizi wa swali letu. Twasema mtoto hujifunza vyema kuliko mkubwa, na kwa mambo mengi ni kweli. Kenya yenyewe ina ushahidi wake. Binti mmoja, Sabrina Simader, alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akapelekwa Austria angali mtoto mdogo, akakua juu ya skii. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Pyeongchang, Korea ya Kusini, katika mashindano ya kuteremka milima. Huyo ndiye samaki aliyekunjwa angali mbichi, na amekunjika vizuri. Lakini yuko Mkenya mwingine aliyemtangulia kwa miaka ishirini, na habari zake zatufaa zaidi.

Philip Boit alizaliwa mwaka 1971 katika upande wa Eldoret, mtu wa ukoo mmoja na Mike Boit, yule mkimbiaji aliyepata medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972. Philip naye alikuwa mkimbiaji. Mwanzoni mwa mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 24, yeye na mkimbiaji mwenzake, Henry Bitok, walipelekwa Finland kujifunza skii ya masafa marefu. Huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Aliporudi nyumbani alifanya mazoezi kwa mbao fupi za magurudumu juu ya barabara. Na tarehe 12 Februari 1998, miaka miwili tu tangu aanze, alisimama kwenye mstari wa kuanzia huko Nagano, Japani, katika mbio za Olimpiki za kilomita 10.

Mshindi wa siku hiyo alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, mmoja wa mabingwa wakubwa kupita wote waliopata kuucheza mchezo huo. Alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, wa 92, nyuma ya kila aliyefika mwisho. Theluji ilikuwa imelowa, mbaya hata kwa wenyeji wake. Kati ya mshindi na wa mwisho zilipita dakika ishirini kamili. Katika dakika hizo Dæhlie, aliyekuwa amejipatia medali yake ya dhahabu ya sita, angeweza kuoga, kuvaa nguo kavu na kwenda kuvishwa medali. Hakwenda. Alingoja pale mwisho wa njia, hata sherehe ya washindi ikacheleweshwa, mpaka Boit alipotokea huku watazamaji wakimshangilia. Alipouvuka mstari, bingwa alimkumbatia. Wawili hao wakawa marafiki, na mtoto aliyezaliwa kwa Boit baadaye alipewa jina la Dæhlie. Boit mwenyewe hakuacha. Alirudi Olimpiki mwaka 2002 huko Salt Lake City na mwaka 2006 huko Torino.

Wapo waliomcheka, na hatuwezi kusema kwamba hawakuwa na hoja. Walisema kwamba safari yake ya kwanza iligharimiwa na kampuni ya viatu ya Nike, na kwamba kampuni haitoi fedha bila kutazamia kitu. Kwa hiyo Mkenya juu ya theluji alikuwa tangazo la biashara. Walisema tena kwamba Olimpiki ni pa waliobobea, wala si pa wanaojifunza. Hoja ya kwanza naikubali nusu. Kampuni ilikuwa na nia yake, lakini nia ya aliyetoa nauli haiwezi kukimbia kilomita kumi katika theluji iliyolowa. Mapafu yaliyochomeka yalikuwa ya Boit. Mara nyingi mtu huletewa mlango na mwenye shabaha nyingine, akauingia kwa shabaha yake mwenyewe. Miaka minane baadaye, huko Torino, alikuwa bado yumo mchezoni. Tangazo haliishi miaka minane.

Hoja ya pili ndiyo inayonihangaisha, kwa sababu imebeba wazo la heshima ambalo nasi tunalo. Wazo hilo lasema kwamba heshima ya mtu ni kuonekana akiweza. Kwa hiyo mwenye heshima afanye yale tu anayoyaweza, na yale asiyoyaweza ayadharau au ayafanyie faraghani. Sasa tupime. Mtu wa namna hiyo, kila mwaka upitao, ulimwengu wake hupungua. Akiwa na miaka thelathini haulizi maana ya neno asilolijua. Akiwa na arobaini haendi panaposemwa lugha asiyoisema vizuri. Akiwa na hamsini hubaki na mazungumzo yale yale, na watu wale wale, naye huita hali hiyo utulivu. Heshima aliyoilinda imemfanya mfungwa wake. Wahenga hao hao waliosema juu ya samaki walisema pia kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba elimu haina mwisho. Hawakuweka mwisho wake kwenye ubarobaro.

Kwa maoni yangu heshima ya kweli yafanana na kanzu nzuri. Mwenye nayo aweza kuivua akaitundika, akaingia shambani, akatoka na matope, akaoga, akaivaa tena. Yule asiyethubutu kuivua hata kidogo huenda ana shaka kama ni yake. Hakimu aliyeketi kwenye theluji ya St. Anton mbao zake zikiwa zimepishana hakupoteza uhakimu wake. Jumatatu ijayo atarudi barazani kwake akiwa hakimu vile vile, na labda atamsikiliza kwa subira zaidi yule mshitakiwa anayetetemeka na kukosa maneno, kwa kuwa mwili wake umekumbushwa jinsi kutoweza kulivyo.

Lakini msomaji aweza kuniuliza: Boit alikwenda kuiwakilisha nchi yake, hao wa likizoni wanakwenda kwa nini? Hawatapata medali wala riziki. Wanatumia fedha nyingi kujifunza jambo lisilowafaa kitu. Je, si upuuzi? Kuhusu fedha, nakubali kwamba likizo za namna hiyo ni za wenye nafasi, na mtu anayehesabu karo za watoto kwa vidole hawezi kuzifikiria. Wala sitamshawishi mwalimu wa Koboko auze ng'ombe aende kuteleza. Hata hivyo, lile neno "lisilowafaa kitu" yafaa tulitazame vizuri, kwa sababu limetudhuru hata sisi.

Anayejifunza kwa ajili ya haja tu huacha pale haja yake inapoishia. Aliyetaka kuvuka bonde, akishavuka, hatakwenda juu tena ajifunze kugeuka vizuri. Anayejifunza kwa furaha hana mahali pa kuishia. Yule wa likizoni, jioni, magoti yanamwuma na viatu vinamtoa malengelenge, bado husema: kesho nitajaribu tena kona ile. Hapana aliyemwamuru. Furaha yake yatokana na kuona kwamba jana aliweza mita kumi na leo ameweza ishirini, na kwamba mwili aliodhani umekwisha kuwa na desturi zake bado waweza kupokea desturi mpya. Furaha hiyo si upuuzi. Ni habari njema ambayo mtu wa makamo huipata kwa nadra, kwamba bado hajakwisha.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Kiswahili cha Nile Magharibi ni kisa cha haja bila furaha. Lugha hii hapa kwetu ilishikamana zaidi na kambi. Vijana wengi wa sehemu hizi waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, wakajifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, kwa amri, kwa kadiri ya amri zilivyohitaji. Wengine walikipata sokoni na mipakani, kwa kadiri ya bei zilivyohitaji. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda, nayo ilikuwa amri ya serikali ya kijeshi. Si ajabu basi kwamba katika sehemu nyingi za nchi yetu watu walikisikia kama lugha ya bunduki, wakakiogopa kwa miaka mingi hata baada ya serikali hiyo kuanguka mwaka 1979. Kosa halikuwa la lugha. Lakini lugha iliyojifunzwa kwa amri huelekea kubaki lugha ya amri: ina "njoo," "leta," "simama," "bei gani," na haina pole ndefu, utani, wala hadithi ya jioni. Waliokiendeleza zaidi, miongoni mwao Wanubi wenzetu waliokizungumza na ndugu zao waliotawanyika Afrika Mashariki, walikiendeleza kwa kuwa walikuwa na watu wa kuzungumza nao kwa mapenzi.

Leo mteremko uko mbele yetu tena. Kiswahili kimekuwa katika Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na kwamba Bunge, Baraza lenyewe na vyombo vya habari viandaliwe mafunzo. Tafsiri ya maneno hayo ni kwamba mawaziri, wabunge na walimu, watu wazima wenye heshima zao, wametakiwa kuvaa skii. Na mwalimu wa shule ya msingi ambaye chuoni hakusoma Kiswahili hata saa moja aweza kujikuta amesimama mbele ya watoto, chaki mkononi, akitafuta kiambishi cha ngeli, huku mtoto aliyekulia karibu na mpaka wa Kongo akikijua kuliko yeye. Naye, kama yule wa mlimani, huegemea nyuma. Hufundisha yale tu yaliyomo kitabuni, hazungumzi, hakubali kuulizwa, na akiulizwa hukasirika. Hofu yake ndiyo inayomwangusha.

Tumshauri nini ndugu huyo? Tumwambie kwanza ajifunze kuanguka, yaani awaambie watoto waziwazi, "Neno hili silijui, tulitafute pamoja." Mtoto aliyemwona mwalimu akitafuta atajua kwamba kutafuta si kwa wajinga tu. Tumwambie pili asianze na mteremko mweusi. Tenzi za kale zitamngoja. Aanze na salamu, na soko, na habari za mvua. Tumwambie tatu ainame mbele, azungumze na wenziwe kwenye chumba cha walimu kabla hajawa hodari, kwa kuwa uhodari haupatikani kwa kuungoja kando. Na tumruhusu afurahi. Chama chetu kikiandaa mikutano ya sarufi peke yake, bila mizaha, bila vitendawili, bila chai na hadithi, tutakuwa tumerudisha kambi kwa jina jingine.

Neno langu la mwisho ni kwa waliokwisha fika: wale ambao lugha hii walizaliwa nayo, wa Unguja, Mombasa na Lamu, na hata sisi tuliotangulia kwa hatua chache. Kicheko cha mjuzi kina nguvu ya kumrudisha mtu mzima nyumbani moja kwa moja. Mtoto akichekwa hulia, kisha husahau, kesho yuko pale pale. Mkubwa akichekwa hatabasamu wala halii. Huaga kwa adabu, na humwoni tena. Ni wangapi tumewapoteza hivyo, kwa sababu mtu alisema "kitabu yangu" nasi tukaangua kicheko kabla hajamaliza kutuambia kitabu chake kilisema nini? Anayejua ana dakika zake ishirini za kuchagua. Aweza kwenda zake kupokea medali. Aweza pia kusimama pale mwisho wa njia, katika baridi, amngoje yule wa 92. Kungoja huko hakukumpunguzia Dæhlie sekunde hata moja katika ushindi wake.

Na ile methali je, tuifute? La, tuendelee kuifundisha, lakini tuwaulize wanafunzi swali moja zaidi: samaki mbichi anakunjwa na nani? Anakunjwa na mkono wa mwingine. Mtoto hupindwa na wazazi, na walimu, na mazingira, bila kuulizwa kama anataka, ndiyo maana hatumsifu kwa kujua lugha ya mama yake. Mtu mzima hana wa kumkunja. Hujikunja mwenyewe, akijua maumivu yake na kuyakubali. Kwa hiyo polepole yake isitupumbaze tukadhani amefanya dogo. Mtu wa makamo asemaye sentensi tano sahihi za lugha ambayo mwaka jana hakuijua amefanya jambo ambalo mtoto, kwa wepesi wake wote, hajapata bado nafasi ya kulifanya.